Je, Wajua? Vya Uvunguni

Tulipomhamisha mama kutoka Ngamiani, Tanga, kazi ya kutoa vitu uvunguni mwa kitanda chake niliachiwa mimi. Nikavuta chupa tatu za maji, nikauliza: "Mama, hizi chupa nitupe?"

"Hiyo si chupa, hiyo faneli," akajibu bila hata kugeuka. "Ya pili ya kumwagilia mchicha. Hiyo ya tatu ndiyo chupa."

Kila kitu mle ndani kilikuwa kimeshapewa jina la kazi inayokuja. Sweta lililotoboka viwiko lilikuwa kikapu. Kanga iliyochanika ilikuwa mkia wa kishada. Tyubu ya baiskeli ilikuwa kamba. Safu ya leo imetoka huko, na kwa kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame, mgongo wangu hadi sasa haujaninyookea.

Tuanze na hiyo faneli. Chupa ya lita moja na nusu ukiikata mabegani, ukageuza kichwa chini, una faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Kile kiwiliwili kilichobaki kinafaa kuoteshea miche ya nyanya, mradi ukitoboe kitakoni. Na kizibo cha plastiki ukikidunga matundu kumi kwa sindano ya moto, chupa nzima inakuwa ya kumwagilia bustani. Mkasi na sindano, dakika tano.

Je, wajua kwamba neno debe lilikuja na safari? Asili yake ni Kihindi. Chombo chenyewe kilienea huku pamoja na mafuta ya taa, yaliyosafirishwa melini yakiwa kwenye madebe mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakaisha, debe na sanduku vikabaki, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Debe likawa ndoo. Likakunjuliwa, likawa paa la banda la kuku. Likawa kipimo cha mahindi, galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Leo hata anayeita abiria stendi ni mpiga debe, ingawa mkononi hana debe wala fimbo. Ukinunua nafaka na ukaona debe limebonyea ubavuni, usidhani lilianguka. Mwenye nalo anajua kila bonyeo linamwachia vikombe vingapi.

Kwa majirani zetu Kenya, kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 lilipata cheo kama hicho hicho. Linaitwa gorogoro, na mama mboga hahitaji mizani akiwa nalo.

Je, wajua kwamba kopo la bati lilikitangulia kifungulio chake kwa karibu nusu karne? Peter Durand alipata hataza ya kopo nchini Uingereza mwaka 1810. Kifungulio cha kwanza cha maana kikasajiliwa na Mmarekani Ezra Warner mwaka 1858. Katikati ya miaka hiyo watu walifungua makopo kwa nyundo na patasi. Nasi wengine bado tunafungua kwa kisu na bisimilahi, ndiyo maana makopo yetu yana meno. Kabla hujamgeuzia mtoto kopo liwe kikombe cha penseli, chukua mgongo wa kijiko kizito, ulaze makali yote kwa ndani, ugongegonge mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Kopo hilo hilo mikononi mwa fundi bati ni kibatari, au koroboi. Kinachotakiwa ni kopo dogo, mfuniko wenye shingo ya bati iliyokunjwa kama mrija, mshono uliolehemiwa na utambi wa tambara la pamba. Mafuta hupanda yenyewe ndani ya utambi kwa sababu nafasi kati ya nyuzi za pamba ni nyembamba mno, na kimiminika hupenda kukwea panapobana. Tambara la nailoni halifai, linayeyuka. Na petroli usiitie kabisa, hata kidogo, hata kama mafuta ya taa yameadimika mtaa mzima.

Wajua namna ya kupata mwanga bila mafuta wala umeme? Fundi makanika wa Brazil, Alfredo Moser wa mji wa Uberaba, alikerwa na kukatika kwa umeme mwaka 2002. Akajaza maji chupa ya plastiki ya lita 2, akatia vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo ili maji yasiote ukungu wa kijani, akaipitisha kwenye tundu la paa, nusu nje nusu ndani. Maji huupinda mwanga wa jua na kuutawanya chumbani kama balbu ya wati 40 hadi 60. Kwa banda la bati lisilo na dirisha, ni mkombozi. Usiku, bila shaka, unarudi kwenye kibatari.

Vizibo vya soda. Chukua kimoja sasa hivi, uhesabu meno yake. Ni 21. Kilipobuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1892, kilikuwa na meno 24. Matatu yalipunguzwa baadaye, na tangu hapo kampuni za vinywaji duniani kote zimeshika idadi hiyo.

Huku kwetu kizibo hakijawahi kuwa taka. Piga vizibo viwili vitatu kwa misumari kwenye kipande cha ubao chenye mshikio, meno yakiangalia nje, umepata kifaa cha kupaa samaki kinachoshinda kisu, kwa sababu meno yanang'oa magamba bila kuchana ngozi. Panga vizibo sitini kwenye ubao mpana, uweke mlangoni msimu wa masika, tope la viatu litaishia hapo. Na nani hajawahi kuona drafti la kizibo? Ubao ni kipande cha katoni kilichochorwa miraba 64 kwa mkaa, upande mmoja vizibo vimelala kifudifudi, upande wa pili chali. Vizibo 12 kwa 12. Akiingia kingi, anabebeshwa kizibo cha pili mgongoni. Sijaona mchezo mwingine wenye gharama ya shilingi sifuri unaoweza kuwanyamazisha wazee wanne kwa saa tatu.

El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi maisha yake mengi Nsukka, Nigeria, alichukua vifuniko vya chupa za pombe kwa maelfu, akavipondaponda na kuvishona kwa waya wa shaba mpaka vikawa mapazia makubwa kama ukuta wa nyumba. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake.

Je, wajua kwamba neno kandambili limejieleza lenyewe? Ni kanda mbili, basi. Utaiita ndala, malapa, slipa au yeboyebo kulingana na ulikokulia, lakini mtoto anapoitazama iliyokatika haoni kiatu, anaona magurudumu manne. Anachukua kopo kama kalamu ya duara, anachora, anakata kwa kisu au wembe, anatoboa katikati kwa waya wa moto, anapachika kwenye gari la waya au la dumu la mafuta. Raba hiyo ni laini, haipigi kelele, na inashika njia kuliko kizibo. Mkweche wa namna hiyo ukitengenezwa vizuri una usukani mrefu unaoushika ukiwa umesimama, na ukikata kona, magurudumu ya mbele yanakata kweli.

Kandambili hizo hizo zilivuka bahari. Septemba 2018 huko Lamu lilizinduliwa jahazi la mita 9 liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, likavishwa ubavuni kandambili zipatazo 30,000 za rangi zote. Mafundi waliongozwa na Ali Skanda wa Lamu, kwa mbinu zile zile za kuunda majahazi ya mbao, ila mbao haikuwepo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 likatweka tanga kwenda Zanzibar, kilomita 500. Nilipoliona kwenye picha nilimkumbuka mama. Angesema: "Hizo si ndala, hilo jahazi."

Kiatu cha tairi ni habari nyingine. Tanzania ni katambuga, Kenya ni akala. Soli ni tairi, kanda ni tairi au tyubu, na misumari midogo ndiyo gundi. Mvaaji huchoka kabla ya kiatu.

Sasa sweta. Hapa nitakaa kidogo, maana niliumia.

Kiondo cha Wakamba na Wakikuyu kilisukwa zamani kwa nyuzi za magome ya miti, ukiwemo mbuyu, baadaye kikasukwa kwa katani. Kisha akina mama wakagundua kwamba sweta la mtumba ni uzi wa rangi uliokwisha kusokotwa kiwandani, unaouzwa kwa bei ya kutupa. Wakaanza kufumua masweta na kuziingiza nyuzi zake kwenye kiondo. Zile nakshi nyekundu na zambarau unazozisifia zinaweza kuwa zilishawahi kwenda shule Ulaya mgongoni mwa mtoto.

Nami nikaona, ah, kufumua tu? Nikanunua sweta zuri la kijani mnadani, nikakata mshono, nikavuta. Ukatoka uzi wa urefu wa mkono mmoja. Nikavuta mwingine, mkono mmoja. Baada ya saa nzima nilikuwa na vipande mia mbili visivyofaa hata kufungia bahasha. Mama aliyachukua yale mabaki, akayageuza ndani nje, akanionyesha kwenye mshono wa ubavuni. Ulikuwa umekatwa kwa mashine na kuzungushiwa nyuzi ili usichanike. Maana yake kitambaa kilifumwa kipana kama shuka, halafu kikakatwa kwa mkasi kufuata umbo la sweta, na kila mstari wa uzi ukakatwa nao.

Sweta la kufumua ni lile ambalo ukiligeuza unakuta kingo za mshono ni nzima, vitanzi vimefuatana kama mnyororo pande zote mbili. Hilo kila kipande chake kilifumwa kwa umbo lake. Fungua mshono, anzia shingoni maana mfumaji alimalizia huko, vuta, na uzi utakuja bila kukatika mpaka chini. Utatoka umejikunjakunja kama tambi za mfukoni. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uulowanishe, uuanike ukiwa umening'inizwa na jiwe dogo chini. Ukikauka umenyooka.

Je, wajua kwamba leso ni Kireno? Ni lenço, kitambaa cha mkononi. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa kwenye jora, wakavikata vipande vikubwa na kuvishona pamoja kuwa vazi moja. Yaani kanga, vazi ambalo leo lina jina lake na heshima zake, ilianza kama kazi ya mkono ya mtu aliyeunga vipande. Wenye kiwanda walikuja nyuma. Na kanga haifi haraka. Inatoka harusini inaingia jikoni, jikoni inahamia kumbeba mtoto, kwa mtoto inakuwa nepi, nepi inakuwa tambara la deki, na kona iliyosalimika inakuwa utambi wa kibatari.

Au mkia wa kishada. Wengine wanakiita tiara, lakini nyumbani ni kishada, na hakuna chombo cha gharama ndogo kinachofika mbali kama hicho. Mahitaji yake ni ukurasa mmoja wa gazeti, njiti mbili kutoka kwenye fagio la chelewa, uzi wa cherehani, kanga kuukuu, na wali wa jana. Naam, wali. Punje ukiisaga kwa kidole inakuwa gundi inayotosha kabisa karatasi, na ugali laini nao unafaa.

Gazeti halikuchaguliwa kwa umaskini tu. Karatasi yake ina uzito wa gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, wakati karatasi ya ofisini ina gramu 80, karibu mara mbili. Kata mraba. Njiti ya kwanza ilaze kutoka pembe moja hadi ya pili, imenyooka, huo ni uti. Ya pili ipinde kama upinde kutoka kushoto hadi kulia, ibandikwe kwa vipande vya karatasi, na hapa ndipo wengi huharibu. Chelewa ina ncha nene na ncha nyembamba, kwa hiyo ukiipinda ilivyo, upande mwembamba unapinda zaidi na kishada kinaumwa ubavu. Ikwangue kwa kisu upande mnene mpaka ukiilaza kidoleni katikati isimame sawa kama mizani. Uzi ufunge sehemu mbili za uti, juu na chini kidogo ya katikati, ndipo uunganishe uzi mrefu.

Mkia ni ukanda wa kanga. Kazi yake ni kuvuta chini ili uso wa kishada ubaki ukiutazama upepo. Kikizunguka kama kichaa, ongeza mkia. Kikigoma kupanda na upepo upo, punguza. Tuliokulia pwani tulijua pepo za kaskazi na kusi kwa vishada kabla mwalimu wa jiografia hajatufikia, na nyaya za umeme za mtaani kwetu zilikuwa zimevaa mikia ya kanga kama zinaolewa. Usipande nguzo ukikifuata. Tengeneza kingine, gazeti la jana lipo.

Ukitaka gundi iliyo bora kuliko wali, wajua unga wa muhogo? Vijiko viwili vya unga, koroga kwanza na maji baridi robo kikombe mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga. Wanga hunywa maji na kuvimba ukipata joto la nyuzi 60 hadi 70, na utauona uji mweupe unageuka ghafla kuwa kama kioo. Epua hapo. Ubaya wake ni kwamba ndani ya siku mbili huvunda na kuota ukungu. Dawa iko kwenye kabati la viungo. Chemsha karafuu chache ndani ya yale maji kabla ya kutia unga. Mafuta ya karafuu huzuia ukungu, na wajalidi wa vitabu Ulaya walikuwa wakiyatia kwenye gundi yao kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa Pemba akisoma hapa atacheka kwamba hili nalo limeandikwa gazetini.

Gundi hiyo ndiyo ya shanga za karatasi, kazi ambayo akina mama wa Uganda wameifanya ijulikane duniani. Kata karatasi ya kalenda au jarida iwe pembetatu ndefu na nyembamba kama mkia wa panya, upana wa sentimita 2 chini, urefu wa 25 au zaidi. Anza kuviringisha kutoka upande mpana juu ya njiti, ukipaka gundi kadiri unavyokwenda, na ncha ikifika inakaa katikati. Ndiyo sababu shanga inanenepa tumboni na kukonda pembeni. Ukitumia ukanda wa upana mmoja utapata bomba, si shanga. Ikikauka paka vanishi mara mbili.

Nazi je? Kifuu ukikitia mpini ni upawa. Kumbi likifukiwa kwenye mchanga wa ufukweni maji yanapofika, miezi kadhaa, nyama yake huoza na kuacha usumba, unaosokotwa kamba. Huko Jambiani na Paje, Unguja, wanawake hulipiga kumbi lililooza kwa gongo mpaka libaki nyuzi tupu, na harufu yake hutaiulizia mara mbili. Kamba ya nazi ndiyo iliyoshona mitepe, mashua za pwani zisizo na msumari hata mmoja, na baharia wa Kigiriki aliyeandika habari za pwani hii yapata miaka 2,000 iliyopita alisema mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na mashua za kushonwa.

Tuingie uwanjani. Mpira wa chandimu una anatomia yake: sponji au matambara katikati, soksi juu, kamba ya katani nje. Mifuko ya plastiki ilikuwa ndiyo nyama ya mpira, mpaka ilipopigwa marufuku: Zanzibar 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 28, 2017, Tanzania Bara Juni 1, 2019. Watoto hawakulalamika, walirudi kwenye matambara. Tatizo la matambara ni kwamba hayadundi. Kwa hilo, watoto wa mjini wanajua mpira mwingine, ule unaogawiwa bure zahanati. Unapulizwa, unafungwa, unavishwa soksi na kamba, na mchezo unadunda kama ligi kuu. Nesi aliyeona boksi zima limeondoka na vijana wa darasa la nne alikuwa na maswali mengi.

Na rangi ya baiskeli? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi hiyo, juu ya vipande vya mbao bandia za dari, maana ndivyo vilivyokuwa rahisi kupatikana. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Mwaka 2002 kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, aliunda kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, dainamo, feni ya trekta na mabomba ya plastiki aliyoyalainisha kwa moto na kuyabanjua yawe mapanga. Picha ya kinu aliiona kwenye kitabu cha maktaba ya shule ya msingi. Swichi ya taa aliitengeneza kwa nini? Raba ya kandambili.

Cyrus Kabiru wa Nairobi naye anaunda miwani kwa waya, vijiko na vyuma chakavu, na imemfikisha kwenye maonyesho ya dunia. Amesimulia kwamba utotoni alitaka miwani, baba yake akamwambia kama anaitaka ajitengenezee.

Kibuyu chirizi, cha kunawia mikono. Dumu la lita 5, tundu dogo la msumari wa moto juu kidogo ya nusu ya dumu, upande ulio mkabala na mshikio. Mti wa kupitisha kwenye mshikio, nguzo mbili zenye panda, kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia chini. Unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono mchafu haujagusa kitu. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa pembeni ndani ya kipande cha soksi, la sivyo kunguru ataiba. Kosa la wengi ni kutoboa chini mno, na dumu linavuja usiku kucha.

Kwa jiko: mwombe seremala maranda, hakudai hela. Chukua kopo la rangi la lita 20, toboa tundu pembeni chini linaloingia mkono wa mtoto. Simamisha chupa katikati, pitisha mti tunduni mpaka uguse chupa, jaza maranda na vumbi la mbao, shindilia kwa nguvu zako zote. Chomoa mti, chomoa chupa kwa kuizungusha polepole. Sasa una njia ya moshi na njia ya hewa, washa kwa chini. Moto unakula ukuta kutoka ndani kwenda nje taratibu, saa kadhaa, na maharage yanaiva ukiwa umelala. Usiposhindilia, ukuta unaanguka na kuzima kila kitu sufuria ikiwa imeanza tu kutokota. Na jiko hili ni la uani, moshi wake si wa chumbani.

Jokofu la vyungu viwili ni la Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria aliyetoka familia ya wafinyanzi, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kilicholowa juu. Maji yakikauka kupitia udongo yanaondoka na joto. Bilinganya lililokuwa likidumu siku 3 likafika siku 27. Kwa Dodoma na Shinyanga, sawa. Tanga na Mombasa hewa yetu imeshiba maji, hukausha kwa uvivu, na matokeo yake hayataleta furaha hiyo.

Mle uvunguni kulikuwa na kimoja tu nilichokitupa bila kumuuliza mama: dumu la dawa ya kuua wadudu wa shambani. Hilo huoshwa mara tatu, likatobolewa lisitumike tena, na maji yake hayamwagwi kisimani. Halifai kwa maziwa, halifai kwa kibuyu chirizi, na rangi yake nzuri isikudanganye. Betri ya gari nayo mwachie mnunuzi wa chuma chakavu. Risasi ya ndani yake si ya kuyeyushia nyumbani kutengeneza vyuma vya mishipi.

La mwisho tulilifanya kwa kaka, tulikomhamishia mama, jioni ile ile, mizigo bado haijafunguliwa. Mama alitaka bao, na bao lake la mninga tulikuwa tumelisahau Ngamiani. Kulikuwa na trei mbili za mayai. Trei ina vishimo 5 kwa 6, yaani 30. Bao la Kiswahili lina mashimo 4 kwa 8, yaani 32. Ukikata mstari mmoja wa trei ya kwanza unabaki na 4 kwa 6, ishirini na nne. Kutoka trei ya pili ukikata 4 kwa 2, nane. Zibandike pamoja kwa ile gundi ya muhogo juu ya katoni, thelathini na mbili kamili. Nyumba, ambayo kwenye bao la mbao ni shimo la mraba, ipake mkaa: la tano kutoka kushoto kwako, mstari wa mbele.

Kete ni 64, na za asili ni komwe. Hatukuwa nazo, tukahesabu maharage. Kila mchezaji huanza na kete 6 nyumbani, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 mkononi. Gundi ilikuwa haijakauka, ubao ukawa unayumba kila mama anaposambaza kete. Alinifunga mara mbili. Mchezo wa tatu haukufika mwisho, kwa sababu shemeji alitoka jikoni na sufuria akiulizia maharage yake.